Chupa ya Nyumbani

Kwenye maabara yetu kuna kabati la vioo, na kwenye rafu ya tatu ya kabati hilo, kwa miaka sita, ilikaa chupa moja ya mdomo mpana yenye unga wa kijani. Nilibandika karatasi ubavuni mwake na kuandika kwa mkono wangu: MWANI SAFI. Sikuandika "nadhani". Mimi si mtu wa nadhani, muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi na mimi, na wengi watakuambia kwa masikitiko.

Kazi yangu ni kupima mwani unaoliwa. Wakulima wanauotesha baharini kwenye kamba, wanaukausha, wanauleta kwenye ghala la ushirika, na kabla haujapakiwa kwenda nje napima kama una madini mazito. Yapo ya namna nyingi, lakini linalonihusu hapa ni moja, risasi, yale madini ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari. Ukiyala kidogo kidogo hayakuambii kitu. Yanaingia, yanakaa, hayana haraka. Na mwani hauchagui, hunyonya chochote kilichomo kwenye maji, ndiyo maana unapimwa.

Jumatatu moja mkuu wa maabara aliniita ofisini kwake. Ni mtu mpole, na kila anapotaka kusema jambo baya huanza kwa kufuta miwani. Siku hiyo aliifuta mpaka nikakaa bila kukaribishwa.

"Mzigo umerudishwa," akasema.

"Mzigo gani?"

"Wote. Wamepima huko ulikokwenda. Risasi zaidi ya mara mbili ya kiwango." Akanisogezea karatasi mbili. Moja ilikuwa yao. Nyingine ilikuwa cheti changu, chenye sahihi yangu, kinachosema risasi haikuonekana. "Mmoja wenu amekosea."

"Si mimi," nikasema, kabla hata sijamaliza kusoma.

Mjini tayari walishajua mkosaji. Kwenye mdomo wa mto kuna kiwanda cha rangi chenye bomba linalomwaga baharini maji ya kila rangi unayoijua na nyingine usizozijua. Wakulima walikuwa wanakilalamikia kiwanda hicho kwa miaka, na sasa wamepata ushahidi. Mwenyekiti wa ushirika, mama mmoja mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alipiga simu mchana uleule. Alisema wanaitisha mkutano Jumamosi ya wiki ifuatayo, mimi nitasoma ripoti, kisha watu watatoka hapo moja kwa moja na bango hadi getini kwa kiwanda. Ripoti yenyewe nilikuwa bado sijaiandika.

Namna ya kupima ni hii, na nitaieleza mara moja tu. Unachukua mwani mkavu, unausaga, unapima nusu gramu, unauyeyusha kwenye tindikali ya moto mpaka yabaki maji ya rangi ya chai hafifu, kisha unaiachia mashine isome. Lakini mashine ni kama mizani ya sokoni: lazima ujue sahani yake ina uzito gani kabla hujaweka vitu. Kwa hiyo kwanza unaisomesha mwani unaojulikana ni safi. Kinachosomeka hapo ndiyo sahani. Unakitoa, na kinachobaki ndicho uchafu.

Mwani huo safi hununuliwa. Unakuja kutoka mbali ndani ya kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, pamoja na cheti chake. Chetu kiliisha miaka sita iliyopita. Niliomba kingine, nikaambiwa nisubiri. Nikaomba tena, nikaambiwa nisubiri vizuri. Sasa mimi kusubiri siwezi. Nikaenda nyumbani kwetu, nikachukua ndoo mbili za mwani wa mama, nikaukausha, nikausaga, nikaujaza kwenye chupa ya mdomo mpana. Shamba la mama liko mwisho kabisa wa ghuba, mbali na lile bomba kuliko shamba lolote. Mama ndiye aliyewafundisha wenzake kuotesha mwani upande ule, na mwani wake ndio niliokulia. Kama huo si safi, safi ni upi? Mkuu akatia sahihi, na pale kazini ikaitwa chupa ya nyumbani.

Barua ya kurudishwa kwa mzigo iliwatia wakubwa kiwewe, na kichupa nilichokisubiri miaka sita kikafika kwa siku nne. Nilikisomesha kwenye mashine Ijumaa asubuhi. Sahani ikasoma karibu na sifuri. Halafu nikaingiza sampuli za wakulima, moja baada ya nyingine: tano, saba, sita, tisa. Kiwango kinachoruhusiwa ni tatu. Nikajua tayari kwamba wale wa nje hawakukosea. Mwishoni, kwa kukamilisha tu, nikaisomesha chupa ya nyumbani.

Kumi na mbili.

Nikasomesha tena, kumi na mbili. Nikaosha mirija yote, nikabadilisha tindikali, nikasomesha mara ya tatu. Mashine haina undugu na mtu, ikanipa kumi na mbili na nukta juu yake.

Maana yake hata asiyesoma anaielewa. Kwa miaka sita nilichukua mwani wenye sumu, nikaulinganisha na mwani wenye sumu zaidi, kisha nikaandika haikuonekana. Tena mara nyingi jibu lilitoka chini ya sifuri. Mwenye akili angesimama hapo akajiuliza inawezekanaje mwani ukawa na uchafu pungufu ya hakuna. Mimi nilifurahi. Niliona bahari yetu imepita kiasi kwa usafi, na nilimwambia mama hivyo, naye akawaambia wenzake. Sitatia chumvi: nilikaa sakafuni karibu na sinki na koti langu jeupe, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mfagiaji akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa fundi wa betri za magari. Kazi yenyewe ilimlisha lakini haikumpa heshima, watu walimwita "wewe fundi" hata walipomjua jina. Miaka kumi iliyopita maji ya kina kifupi yakawa moto mno kwa mwani, ukawa unaoza kwenye kamba, na wakulima wakalazimika kusogea mbele ambako vigingi havifiki chini. Huko kamba huelea kwa chupa tupu za plastiki na hushikiliwa kwa kitu kizito. Walijaribu mawe. Mawe yakabingirika, yakakata kamba, mavuno yakaenda arijojo. Baba akatazama lundo la betri mbovu uani kwake, akatoa yale mabamba ya ndani, akayayeyusha kwenye sufuria, akamimina kwenye vikopo vya rangi ya viatu na kutia msumari katikati ili kubaki tundu la kamba. Akampa mama chubwi ishirini, kama zile wavuvi wanazotia kwenye mshipi, ila kubwa zaidi. Hazikubingirika hata moja.

Wakulima wakaja. Kwanza majirani, kisha wa kati, mwishowe karibu ghuba nzima isipokuwa kina mama tisa wa upande wa kiwandani, ambao huko kwao mto huyapoza maji mafupi na vigingi vinawatosha. Wakampa baba jina la Mzee Chubwi. Kwenye mikutano ya ushirika akawekewa kiti cha mbele, karibu na meza. Nakumbuka mkutano wa kwanza alivyorudi nyumbani, alikaa na shati lake la pasi mpaka wakati wa kulala.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha uani, sufuria iko motoni, na ile harufu kali ambayo sisi wa nyumba ile hatuisikii tena. Mama alikuwa kibarazani anafumua kamba zilizojisokota.

"Daktari wa Majani kaja," baba akasema. Mimi si daktari, nimemweleza mara mia. "Mmekibana kiwanda?"

"Bado tunapima."

"Kibaneni." Akanyoosha mkono kuelekea mimi. "Hebu nipe ile… ile ya…" Akafumba na kufumbua vidole.

"Koleo," mama akasema bila kuinua kichwa. "Anasahau maneno siku hizi. Uzee huo."

"Ana miaka sitini na moja, mama."

"Wengine wanauanza mapema. Si unaona hata kushika kikombe hataki, anataka nimshikie kama bwana harusi."

Baba akacheka. Alishika koleo kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaja kuushikilia ule wa kulia. Kiganja kilikuwa kimelegea kwenye kifundo. Nilikuwa nimekiona kiganja hicho kila mwezi kwa mwaka mzima, na kila mwezi nilimwambia apunguze kazi. Alimimina, akasubiri, kisha akakwangua taka za kijivu zilizobaki kwenye sufuria, akazitupa kwa sepetu nyuma ya ukuta wa chini, pale maji yanapofika mara mbili kwa siku.

"Unazitupa hapo siku zote?" nikamuuliza.

"Bahari inabeba," akasema.

Shamba la mama linaanzia hatua mia mbili kutoka ule ukuta. Nikaomba chubwi moja. Baba akachagua muda mrefu, akazigeuza hii na ile, akaifuta aliyoipenda kwa kitambaa na kunipa. "Chukua hiyo, haina hata kovu. Uwaonyeshe huko kazini kwenu."

Jumapili na Jumatatu nilizunguka ghuba nzima na mifuko ya plastiki na kalamu. Nilichukua mwani wa kila shamba na kuhesabu chubwi za kila kamba. Nilichukua maji ya bomba la kiwanda, moja kwa moja kutoka kinywani mwake. Jumatano jioni nilikuwa na jedwali lote. Mwani wa wale kina mama tisa wa vigingi, walio puani kwa kiwanda, haukufika hata mbili. Kwenye mashamba ya chubwi hesabu ilipanda kadiri chubwi zilivyozidi, na ilipanda zaidi kadiri unavyokaribia ukuta wa uani kwetu. Maji ya kiwanda yalikuwa na mengi ya kukiaibisha, na nimeyaandika yote, lakini risasi haikuwemo ya kutajika.

Alhamisi mama akaja chumbani kwangu. Nimepanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na mama hapendi ngazi zake, haji mpaka kuwe na jambo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani.

"Umenyamaza siku tano," akasema. "Wewe ukinyamaza kuna kitu kimekufika shingoni."

Nikamwambia. Chupa, kumi na mbili, chubwi, ukuta. Nilisema kwa mpangilio kama ninavyoandika ripoti, kwa sababu vinginevyo nisingemaliza. Mama alikuwa anaviringisha ncha ya mtandio wake kidoleni na kuifungua, anaviringisha na kuifungua.

"Kile kiwanda," akasema baadaye, "kinamwaga au hakimwagi?"

"Kinamwaga."

"Basi andika kiwanda. Hutakuwa umesema uongo."

"Risasi si yao, mama."

"Hayo nimekusikia. Mimi nakuuliza la baba yako. Ana nini kingine duniani, niambie. Mimi nina shamba, wewe una kazi yako na hilo koti. Yeye ana kile kiti cha mbele. Unataka akakae wapi?"

Nilimwambia lililokuwepo. "Nikiandika kiwanda, chubwi zitabaki majini na watu wataendelea kula. Na yeye ataendelea kuyeyusha. Ule mkono wake, mama, na maneno kumpotea, na tumbo linalomsokota kila siku. Si uzee. Ni moshi wa ile sufuria."

Mama akaacha kuviringisha. Alinitazama, na nikaona anavihesabu vikombe vyote alivyomshikia na utani wote aliomtania. Akasimama, akajifunga mtandio vizuri.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi mdomo wangu hautafunguka. Ila mwambie nyumbani, usimwambie mbele za watu."

Nikamuahidi. Nilikuwa na Ijumaa nzima ya kutimiza ahadi hiyo. Mabasi yalikuwepo, ruhusa ningepewa. Nilikaa maabara nikapanga upya faili za miaka ya nyuma kwa rangi, kazi ambayo hakuna aliyeniomba. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Jumamosi ghala la ushirika lilijaa mpaka kwenye magunia. Bango lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeandikwa KIWANDA KINATUUA kwa herufi nyekundu nzuri sana. Mwenyekiti alininong'oneza kwamba rangi ni ya kiwanda hichohicho, nyingine hazishiki. Baba alikuwa kiti cha mbele na shati la pasi, mkono wa kulia ameuficha chini ya wa kushoto. Mama alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Aliponiona uso akajua sijamwambia, akainamisha kichwa.

Nilipiga moyo konde, nikaanza na mimi mwenyewe. Niliwaeleza chupa ilitoka wapi na nilivyowaandikia vyeti miaka sita kwa kulinganisha vibaya na vibaya zaidi. Niliwaambia kosa hilo ni langu peke yangu. Watu walikuwa wananong'ona. Mwenyekiti akaona nachelewesha safari ya bango.

"Sawa, umekosea, tumesikia," akasema. "Sasa sema kiwanda kimefanya nini."

"Kiwanda kinamwaga mengine, yako ukurasa wa tatu, na mna haki ya kwenda. Lakini risasi inatoka kwenye chubwi."

Hakuna aliyemtazama baba. Wote walitazama sakafu, na ingekuwa afadhali wangemtazama. Kisha mtu mmoja nyuma, mwenye chubwi themanini shambani kwake, akauliza, "Chubwi za nani?" kana kwamba ghuba ina watengenezaji kumi.

Baba akasimama. Ilimchukua muda kidogo.

"Zangu," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Ile niliyokupa uliipima?"

"Niliipima."

"Ilikuwa nzuri ile."

"Ilikuwa nzuri, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, akakaa. Bango siku hiyo halikutoka. Watu walipita mbele yake wakitoka, wengine wakamgusa bega, wengine wakajifanya hamnazo, na mimi nilikuwa nakunja karatasi zangu ambazo zilishakunjwa.

Kwa wiki tatu baba alizunguka shamba kwa shamba na toroli kukusanya chubwi. Hakutumwa na mtu. Mikono ya toroli ilimshinda siku ya kwanza, kwa hiyo mama alisukuma na yeye akatembea kando. Alikumbuka kila mmoja alichukua ngapi: huyu arobaini, yule kumi na sita, yule aliongeza nne mwaka wa pili. Waliokuwa nazo walizirudisha, na ushirika ukawapa mifuko ya mchanga. Mkulima wa chubwi themanini alirudisha sabini na tisa, baba akamwambia kwa upole iliyobaki inazuia mlango wa kuku, nayo ikatolewa. Mwani wote uliokuwa kwenye kamba ulichomwa, msimu mzima. Mwenyekiti hajanisalimia mpaka leo.

Chupa ya nyumbani iko palepale kwenye rafu ya tatu. Nimebandua ile karatasi na kuandika nyingine: KUMI NA MBILI. Nayo inafaa kwa kazi, ukijua ni nini.

Majibu ya damu ya baba yalipotoka, mimi ndiye niliyeyachukua hospitali. Daktari, daktari wa kweli huyu, alinieleza kila kitu koridoni. Dawa zipo za kuiondoa risasi iliyo kwenye damu. Kiganja kinaweza kupata nguvu kiasi. Kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi. Nilimuuliza mara mbili, naye akanijibu mara mbili neno lilelile, kama mashine.

Baba alikuwa uani amekaa kwenye kigoda. Jiko lilikuwa limepinduliwa chali, na mbele yake kulikuwa na rundo la chubwi za mwisho zikisubiri gari la serikali kuja kuzichukua. Alikuwa anafungua vipande vya kamba vilivyobaki kwenye matundu. Mama alikuwa kibarazani.

"Wamesema ni nyingi?" baba akaniuliza.

"Ni nyingi."

Akauinua mkono wa kulia, ukaning'inia. "Na huu? Ni hayohayo madini?"

"Ndiyo, baba."

"Na kusahau kule?"

"Na kusahau."

Alifikiri. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya mkutano. "Kumbe sizeeki," akasema. Akamgeukia mama. "Umesikia, wewe? Miaka yote unanisema. Mimi sizeeki, ni sumu tu. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Alikuwa na furaha. Nilidhani nitamkuta amevunjika, nikakuta mtu aliyeambiwa ana miaka yake bado. Hakuuliza kama atapona. Aliona kitu kilichoingia kitatoka, kama kilivyoingia, na mimi nikaikunja karatasi ya hospitali, nikaitia mfukoni. Mama alinitazama usoni mara moja, akajua, akarudisha macho kwenye kamba zake.

Baba akainamia chubwi moja iliyokuwa na fundo gumu. Akaivuta kwa kucha, haikulegea. Akanyoosha mkono kuelekea kwetu.

"Hebu nipeni ile… ile…"

Mama hakumtajia. Safari hii alisubiri, kamba mkononi, na mimi nikasubiri. Baba alifumba na kufumbua vidole, bado anatabasamu, akilitafuta neno pale lilipokuwa siku zote. Tulimsubiri sana. Mwisho mama akasimama, akaingia kibandani, akamletea koleo.